Jinsi ya kupima kozi ya uhandisi kabla hujaijaza: ubora wake, ugumu wake, na kama unaiweza

Matokeo ya fom siksi yakishatoka hapa Dodoma kila mtaa unapata washauri wa bure. Dogo ana PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) yake safi, mzazi anataka injinia ndani ya nyumba, mjomba aliyewahi kuwa saiti miaka hiyo anasema nenda chuo fulani maana kule wanakaza, alafu binamu aliyesoma hapo hapo anasema usithubutu maana kule wanadiskoshwa (wanafukuzwa kwa kufeli) kama mchezo, na wote wawili wanaongelea kitu kimoja, ila mmoja anaona ni sifa na mwingine anaona ni balaa.

Sasa mwongozo huu ni wa dogo na mzazi wake, na hata yule wa diploma ya chuo cha ufundi anayetaka kuunganisha digrii. Nitaenda hatua kwa hatua ila kuna kitu kimoja nataka kikae kichwani toka mwanzo, ugumu na ubora ni vitu viwili tofauti. Kozi inaweza kuwa ngumu kwa sababu inakubebesha hisabati nzito na maabara kila wiki, na inaweza kuwa ngumu kwa sababu mhadhiri anatokea wiki ya tisa, anamwaga slaidi mia mbili kwa siku mbili, alafu anatunga mtihani wa vitu ambavyo hakuna mtu aliwahi kuviona. Wanafunzi wa kozi zote mbili watakuambia "bro huku ni moto". Kazi yako ni kujua huo moto unatoka wapi.

HATUA YA 1: Hakikisha karatasi ziko sawa kwanza

Hii ni ya haraka ila ukiiruka yote yanayofuata hayana maana. Fungua gaidibuku (kitabu cha mwongozo wa udahili) ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ya mwaka husika, sio ya mwaka jana aliyokuachia kaka yako, tafuta chuo alafu tafuta PROGRAMU yenyewe. Chuo kuwa na ithibati haimaanishi kila kozi inayotangazwa kwenye bango lake ipo kwenye kitabu. Hapo utaona namba ya utambulisho (code) ya programu, sifa za kuingia, pointi za chini za chuo, nafasi wanazochukua na miaka ya kusoma. Andika hizo nafasi pembeni, tutazihitaji baadaye.

Alafu nenda upande wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi hii iko kwa Sheria Na. 15 ya 1997, na bila kusajiliwa nayo huruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi hapa nchini hata uwe na GPA (wastani wa alama za chuo, mwisho 5) ya 4.9. Uliza swali moja tu, je digrii hii kwa jina hili hili inakubalika kusajili mtu kama mhandisi mhitimu? Waulize ERB wenyewe, usiulize ofisi ya udahili ya chuo, maana ofisi ya udahili kazi yake ni kujaza viti.

Na jina la digrii liangalie kwa makini sana. Kuna digrii zinazunguka zunguka uhandisi bila kuwa uhandisi, unakuta ina neno teknolojia au sayansi, mtoto anasoma miaka mitatu anadhani ni injinia. Si kwamba ni digrii mbaya, ila ni njia nyingine. Njia rahisi ya kujipima ni kuingia kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, ukasoma matangazo ya nafasi za mhandisi wa TARURA (barabara za mijini na vijijini), RUWASA (maji vijijini), TANESCO (umeme) na halmashauri, uone wanataja digrii gani kwa majina na wanadai usajili wa ERB au hapana. Ukisoma matangazo kama kumi hivi utaelewa soko kuliko kusikiliza semina ya kuhamasisha vijana.

Kama mzazi anafikiria nje, China, India, Uturuki na kwingineko, hatua hii inakuwa mara mbili maana cheti cha nje lazima kije kitambuliwe na TCU, na kabla ya kuondoka kuna barua ya kutokuwa na pingamizi inayotolewa na TCU hao hao. Kuna nchi zilizo kwenye mkataba wa Washington wa mwaka 1989 wa kutambuana digrii za uhandisi, Uingereza, Marekani, Australia, Kanada na wengine, kwa Afrika yetu Afrika Kusini iliingia 1999. Programu iliyopitishwa na mkataba huo ni dalili nzuri. Ila ni PROGRAMU inayopitishwa, nchi kuwa kwenye mkataba hakufanyi kila chuo cha huko kiwe kizuri, na mawakala wa vyuo vya nje hapo ndo wanapowapiga watu.

HATUA YA 2: Soma mtaala kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja

Watu wanaangalia jina la chuo, hawafungui prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi. Fungua. Digrii ya uhandisi hapa kwetu ni miaka minne, na kwa utaratibu wa TCU krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zote kwa pamoja, lekcha, tutoriali, maabara na kujisomea. Mwaka una krediti 120, kwa hiyo miaka minne ni 480.

Sasa piga hesabu. Semista ya krediti 60 ni saa 600. Ukichukua wiki 15 za masomo na 2 za mitihani unapata kama saa 35 kwa wiki, hiyo ni kazi ya kutwa kabisa Jumatatu hadi Ijumaa. Ukikuta programu imepanga krediti 72 kwenye semista moja ujue ni saa 42 na ushee kila wiki, na hapo tunaongelea mwanafunzi wa kawaida anayeelewa kwa mara ya kwanza, ambaye mimi sijawahi kumuona. Kwa hiyo chora jedwali la semista nane uweke krediti za kila moja. Programu nyingi zina semista moja katili, mara nyingi ipo mwaka wa pili, na ukiijua mapema hutapanga kufanya biashara ya kuuza laini za simu semista hiyo.

Kingine angalia krediti nzito ziko wapi, kwa sababu GPA zetu zinapimwa kwa uzito. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Tuseme una kozi ya krediti 12 umepata C na ya krediti 8 umepata A. Wengi wanadhani hapo wapo katikati, 3.5. Hapana, ni 24 jumlisha 40, sawa na 64, gawa kwa 20 unapata 3.2, umeshatoka apa sekondi (daraja la pili la juu) umeangukia loa (la pili la chini). Umeona? Kwa hiyo kama hesabu za mwaka wa kwanza ndo zimebeba krediti nyingi na hesabu ndo ugonjwa wako, ugumu wa kozi hiyo KWAKO ni mkubwa kuliko kwa mwenzako, hata kama mtaala ni ule ule.

Kwenye ubora wa mtaala wenyewe mimi naangalia mnyororo. Kalkulasi na mekaniki mwaka wa kwanza, mwaka wa pili zinakuja thermodainamiki, vimiminika, uimara wa mata au saketi za umeme kutegemea na fani, mwaka wa tatu usanifu wenyewe, zege na chuma, mashine, mifumo ya umeme, mifumo ya kudhibiti, mwaka wa nne projekti. Kila ngazi inasimama juu ya iliyo chini. Mtaala mzuri unaonyesha wazi kwamba huwezi kuchukua kozi hii bila kufaulu ile. Mtaala ambao umejaza ujasiriamali, stadi za mawasiliano, maendeleo na kompyuta za kufungua Word, alafu vimiminika imebanwa kwenye semista moja pamoja na haidrolojia, huo umeandikwa na kamati iliyokuwa inataka kwenda chakula cha mchana.

HATUA YA 3: Pasti pepa. Hapa ndo penyewe

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu fanya hii. Pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, hazidanganyi, na kuzipata ni rahisi, kila darasa lina grupu la WhatsApp na steshenari zote za karibu na chuo zinauza kwa bei ya kutoa kopi. Chukua kozi nne, moja ya hisabati mwaka wa kwanza, moja ya msingi mwaka wa pili, mbili za usanifu mwaka wa tatu, na kila moja tafuta mitihani ya miaka mitatu mfululizo. Alafu fanya hivyo hivyo kwa chuo cha pili unachokilinganisha.

Hatua ya kwanza, ziweke tatu mezani uangalie maswali yanayojirudia. Mada kujirudia ni sawa, mada ni zile zile dunia nzima. Ila ukikuta swali lile lile, namba zile zile, hadi kosa la uchapaji lile lile, hiyo kozi haipimi kitu, watu wanakariri majibu na GPA zao za 4.2 ni za fotokopi.

Hatua ya pili, angalia swali linakutaka ufanye nini. Mfano boriti. Swali la ngazi ya chini linasema taja aina za mizigo. Linalofuata linasema boriti ya mita 6 imebeba kilonyutoni 20 kwa kila mita, tafuta momenti kubwa, hapo unapiga 20 mara 36 gawa kwa 8 unapata kilonyutoni mita 90, basi, fomula moja umemaliza. Swali la chuo kinachojitambua linaendelea, chagua kina cha boriti na nondo, hakikisha haipindi zaidi ya milimita 24, yaani urefu kugawa kwa 250, alafu linakuuliza kitatokea nini kama nguzo ya upande mmoja imekaa kwenye udongo wa mbuga unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, udongo ambao wewe wa Dodoma unaujua maana umeona nyufa zake kwenye kuta za majirani. Hapo hakuna fomula moja, inabidi ufikiri.

Kwa umeme ni vile vile. Transfoma ya kVA 100 upande wa volti 400 inatoa ampea ngapi, ni kama 144, hilo ni swali la kukumbuka. Lakini ukiambiwa transfoma hiyo inalisha mtaa, saa mbili usiku nyumba za mwisho wa laini taa zinafifia, tafuta sababu, toa njia mbili za kurekebisha na uonyeshe ipi ni nafuu, hilo ni la uhandisi.

Hesabu kwenye kila pepa, maswali mangapi ni ya kutaja na kueleza, mangapi ni ya fomula moja, mangapi ni ya kusanifu na kuamua. Pepa ya mwaka wa tatu ambayo nusu nzima ni "eleza faida na hasara" haifai, hata kama watu wanafeli. Na kinyume chake kipo pia, pepa yenye maswali magumu mno ambayo darasa zima linapata alama 12 alafu mhadhiri anawaongezea wote 30, hiyo nayo haipimi kitu, inatisha tu.

Na wewe usiyesoma bado uhandisi utazielewaje hizo pepa? Ya hisabati utaielewa, umetoka PCM. Hizo nyingine mpelekee injinia yeyote anayefanya kazi, Dodoma sasa hivi wamejaa, mkute saa ya chai umuombe dakika ishirini, wengi wanapenda kuulizwa na watabishana wenyewe kwa wenyewe hadi chai ipoe.

HATUA YA 4: Nenda ukaone maabara, na usiende siku ya maonyesho

Siku ya maonyesho kila kitu kinawaka. Nenda siku ya kawaida, katikati ya semista, Jumanne au Jumatano. Mtafute fundi sanifu wa maabara, sio mkuu wa idara. Mkuu wa idara atakuonyesha mashine, fundi atakuonyesha kama inatumika.

Kwa ujenzi muulize lini mara ya mwisho mlivunja mche wa zege, na uombe kuona daftari. Zege linapimwa siku ya 7 na siku ya 28, kwa hiyo maabara inayofanya kazi ina madaftari yenye tarehe zinazofuatana, na ina miche iliyovunjika imerundikwa nje. Mche wa milimita 150 wa zege la nyutoni 25 unavunjika kwenye kilonyutoni 560 hivi, fundi aliyezoea atakutajia bila kufungua kitabu. Kwa umeme angalia osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) zina waya zake au zimebaki sanduku tu. Kwa mitambo angalia mashine ya kerezo ina vumbi la chuma au vumbi la kawaida. Tafuta stika za upimaji wa usahihi zina tarehe ya lini.

Alafu swali kubwa kuliko yote hayo, mnakuwa wangapi kwenye mashine moja? Wakiwa watano kila mtu anashika. Wakiwa ishirini wawili wanafanya, wanne wanaandika, waliobaki wanapiga picha ya matokeo na kwenda kutunga ripoti hosteli. Mashine ya mamilioni kwa wanafunzi mia na hamsini ni sanamu tu. Mi ningechagua chuo chenye vifaa vya zamani vinavyotumika kila wiki kuliko chenye vifaa vipya vimefunikwa na nailoni, bila kufikiria mara mbili.

Kwa hiyo na umri wa chuo usikutishe wala usikulaghai. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) walianza kitivo cha uhandisi 1973, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) ilizaliwa 1997 kutoka chuo cha ufundi cha zamani, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) yetu ni ya 2007 na huko kwenye koleji yake ya CIVE ndo wapo watu wa kompyuta na mawasiliano ya simu. Umri unakuambia kuhusu mtandao wa wahitimu, haukuambii kama osiloskopu ya leo ina waya.

Zile renkingi za mtandaoni zipitie tu. Webometrics kwa mfano inapima zaidi uwepo wa chuo mtandaoni na machapisho, haijui kabisa kama karakana yenu ina umeme.

HATUA YA 5: Walimu

Fupi. Chukua orodha ya wahadhiri wa idara, sio ya chuo kizima, uone wangapi wana uzamivu kwenye fani yenyewe, wangapi ni wasaidizi waliomaliza juzi, na wangapi ni wa kuazima wanaofundisha vyuo vitatu. Tafuta majina yao kwenye rejista ya ERB uone kama wapo wahandisi wataalam waliosajiliwa, maana mtu anayefundisha usanifu wa barabara bila kuwahi kusaini mchoro wa barabara atakufundisha kitabu. Waulize wanafunzi kozi gani semista iliyopita ilikaa zaidi ya mwezi bila mwalimu, na matokeo ya kosiweki (kazi na majaribio ya ndani ya semista) yalitoka kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, au baada. Yakitoka baada ya UE hujui unaingia na nini kwenye mtihani, na hapo ndo ule ugumu wa vurugu unapozaliwa.

HATUA YA 6: Wangapi wanaingia, wangapi wanatoka

Kila mtu anakwambia "kule wanadisko wengi" ila hakuna anayekupa namba. Kuna njia ya kuipata mwenyewe. Kila mahafali chuo kinatoa kitabu cha wahitimu, majina yamepangwa kwa programu na mara nyingi kwa daraja la ufaulu. Chukua cha mwaka jana uhesabu wahitimu wa kozi yako. Alafu tafuta gaidibuku ya TCU ya miaka minne kabla ya mahafali hayo uone nafasi walizotangaza, au bora zaidi muulize CR (mwakilishi wa darasa) wa darasa lile walianza wangapi, maana nafasi zilizotangazwa si lazima zilijaa.

Tuseme walianza 60 wamemaliza 38. Usikimbilie kusema kozi inaua. Wale 22 wamekwenda wapi? Wengine walihama kozi wiki za mwanzo, wengine ada iliwashinda baada ya kukosa mkopo, wengine wamekeri somo moja (walifeli, wanalirudia) watamaliza mwaka unaofuata, na wengine ndo wamedisko kweli. Muulize CR awagawe kwa makundi hayo, ma-CR wanajua kila kitu. Kama wengi wameondoka kwa ada hiyo ni habari ya mfuko wako. Kama wengi wameondoka kwa sababu ya kozi ile ile moja ya mhadhiri yule yule kila mwaka, hiyo ni habari ya idara. Kama wameondoka kwa kutawanyika, huyu hesabu, huyu vimiminika, huyu hakuwa anaingia darasani, basi hiyo ni kozi ngumu ya haki.

Madaraja nayo yaangalie. Fesi klasi inaanza GPA 4.4, apa sekondi 3.5, loa 2.7. Uhandisi ambao nusu ya darasa wana fesi klasi una harufu. Ambao miaka mitatu hakuna hata mmoja nao una harufu, ya aina nyingine, kuna idara zinaona fahari kubana alama na anayeumia ni mtoto wenu siku anapoomba skolashipu ya masta akishindana na wa chuo kingine.

HATUA YA 7: Fildi na projekti

PT, yaani mafunzo kwa vitendo au fildi, inafanyika likizo ndefu baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Maswali ni matatu, chuo kinakutafutia nafasi au unazunguka na barua mwenyewe, msimamizi anakuja saiti au anapiga simu, na logibuku inasomwa au inagongwa muhuri tu.

Hapa watu wa Dodoma tuna bahati ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Ndani ya mwendo wa daladala kuna stesheni na reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria wa Dar 2024, barabara ya mzunguko ya kilomita zaidi ya 110, uwanja wa ndege wa Msalato, majengo ya Mtumba, kituo cha umeme cha Zuzu, visima vya Mzakwe vya DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma), na ukisogea kusini kuna bwawa la Mtera na mitambo yake ya megawati 80. Makao ya TARURA yapo hapa, watu wa jiolojia wa GST wapo hapa. Kwa hiyo ukiwa unasoma chuo chochote, hata Mbeya au Dar, unaweza kurudi nyumbani kufanya fildi ya maana bila kulipa kodi ya chumba. Ila chuo ambacho kinakuacha ufanye PT ya mwaka wa tatu kwenye steshenari ya shangazi yako na kukupa A, hicho kimekuibia.

Projekti za mwaka wa nne ni kipimo kizuri karibu sawa na pasti pepa. Omba orodha ya vichwa vya projekti vya miaka mitatu. Utakutana na umwagiliaji wa kujiendesha kwa Arduino (kile kibao kidogo cha kielektroniki cha kuprogramu), nadhani kila chuo nchi hii kimeshamwagilia kwa Arduino, ila hakuna shamba hata moja lenye hicho kitu. Wewe tafuta projekti zenye kipimo, mtu ametoka nje akapima kitu. Kama kupima presha ya maji kwenye mabomba ya Nkuhungu asubuhi na jioni kwa wiki tatu, au kuchukua sampuli za udongo Ihumwa na kuzipima maabara, au kupima floraidi kwenye visima vya Singida na kujenga chujio alafu kupima tena. Soma mbili tatu. Ikiwa namba zote zinatoka vizuri mno na hakuna sehemu mwanafunzi anasema hiki kilishindikana, zimepikwa.

HATUA YA 8: Waulize waliomaliza, ila wa umri sahihi

Usiwaulize wa mwaka wa kwanza, wanajua kantini tu. Usimuulize aliyemaliza miaka ishirini iliyopita, anaongelea chuo kingine kabisa. Tafuta waliomaliza miaka miwili hadi minne iliyopita, wengi wao watakuwa kwenye SEAP, ule mpango wa ERB wa mafunzo kazini ulioanza 2003 ambao mhitimu anakaa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kuomba kusajiliwa kama mtaalam. Wao ndo wanajua chuo kiliwapa nini na kiliwanyima nini.

Usiulize "chuo ni kizuri?" maana kila mtu anatetea chuo chake. Uliza, miezi sita ya kwanza kazini ulishindwa kitu gani ambacho wenzako wa vyuo vingine walikuwa wanakijua? Hapo watafunguka. Mmoja atasema sikuwa najua kusoma michoro, mwingine sikuwahi kushika totali stesheni (kile kifaa cha kupima ardhi) peke yangu. Na muulize bosi wao pia ukiweza, wahandisi wa saiti wanaopokea vijana wa vyuo vyote kila mwaka wana renkingi yao kichwani ambayo ni sahihi kuliko ya mtandaoni yoyote.

HATUA YA 9: Sasa jipime wewe

Ugumu ni wa kozi ukikutana na mtu. Chukua karatasi ya tutoriali ya hisabati ya mwaka wa kwanza, semista ya kwanza, kaa nayo wikiendi moja bila simu. Usijali kama umepata yote. Angalia kama ukikwama saa nzima unaendelea kutafuta au unafunga daftari. Nusu ya mafanikio ya uhandisi ni hiyo tabia, na hakuna cheti cha PCM kinachoionyesha.

Wa fom siksi na wa diploma mnaumia sehemu tofauti. Wa PCM anaingia hesabu ziko moto ila hajawahi kushika spana, mwaka wa kwanza anateleza, mwaka wa tatu kwenye usanifu ndo anaanza kuhangaika. Wa diploma anayeingia na GPA ya 3.0 kwenda juu, mchoro anausoma usiku akiwa amelala, lakini kalkulasi ya mwaka wa kwanza inamchapa kabla hajakaa sawa. Kwa hiyo wewe wa diploma tafuta chuo chenye tutoriali za kweli za hisabati zenye vikundi vidogo, na miezi ya kusubiri chuo kifunguliwe rudi kwenye kalkulasi, difrensieshoni na integresheni, sio kwenye kozi za mtandaoni za kutengeneza aplikesheni. Wewe wa PCM katika miezi hiyo nenda karakana yoyote, hata ya kuchomelea mageti pale Chang'ombe, ukae ukishika vitu.

Na pesa ipo ndani ya ugumu, watu wanaitenga wakati haitengeki. Kompyuta inayoweza kuendesha programu za kuchora, vifaa vya michoro, nauli za fildi, buti na helmeti. Mkopo wa Bodi ya Mikopo una fungu la mahitaji maalum ya kitivo na la mafunzo kwa vitendo, ila si kila mtu anapewa asilimia mia, na bumu linachelewa. Mtu anayesoma semista ya krediti 72 huku anatembea kwa mguu kutoka Ng'hong'hona na kula mara moja hasomi kozi ile ile na mwenzake aliyelala hosteli ameshiba.

Kujumlisha

Chukua vyuo vitatu tu, usibebe saba. Kila kimoja kipe ukurasa mmoja wa daftari, andika juu ubora, chini ugumu, usichanganye. Ubora unatoka kwenye pasti pepa, maabara, projekti na waliomaliza. Ugumu unatoka kwenye krediti, kitabu cha mahafali, makundi ya CR na jaribio lako la wikiendi. Pasti pepa na maabara mi nazipa uzito kama nusu ya yote. Kama ubora uko juu na ugumu uko juu kwa sababu za haki, jaza, hata kama unaogopa. Ubora chini na ugumu juu, kimbia, hiyo ndo mchanganyiko mbaya kuliko wote na ndo inayosifiwa sana vijiweni. Ubora wa wastani na ugumu wa wastani karibu na nyumbani, chenye fildi nzuri, usikidharau.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unathibitisha kimoja kwa namba maalum (code) unayotumiwa kwa meseji, fanya ndani ya muda waliotaja maana wakifunga wamefunga. Na ukishafika ukagundua idara sio, kuhama kozi kunawezekana wiki za mwanzo tu, ukiwa na sifa za kule unakotaka na nafasi ikiwepo, kwa hiyo wiki ya kwanza usiimalize kwenye kujua mji, nenda maabara ukaulize lile swali la daftari la zege.